Baunsa wa Kalundu

Ilipotimu saa moja na nusu asubuhi, Inspekta Pélagie Kankindi alikuwa ameshaudhiwa mara tatu, na chai alikuwa bado hajanywa.

Wa kwanza kumuudhi alikuwa Major, mkuu wake. Alimwita ofisini akamwambia kwamba lori la Bukavu lingeondoka saa sita kamili mchana, na Gédéon Arakaza angekuwa ndani yake, mikono imefungwa, na karatasi ya uhaini mfukoni mwa dereva. Uvira nzima ilijua maana ya safari hiyo. Katika miaka hii ya vita watu kumi na mmoja walikuwa wamepandishwa lori lile, na Pélagie hakuwahi kumwona hata mmoja akirudi. Wa pili alikuwa mlinzi wa cachot, mahabusu ya kituo. Alimzuia Geneviève, mke wa Gédéon, kumpelekea mumewe sufuria ya bugali, eti mtu anayesafiri saa sita hana haja ya kula asubuhi. Wa tatu alikuwa huyu Damien, mwenye cyber ya Kilibula, ambaye sasa alikuwa amesimama mbele yake katika chumba cha nyuma, mikono mitupu, akimwomba essence, petroli ya kuwashia groupe, jenereta yake.

"Weye unaniomba minye essence?"

"Bila groupe hakuna mashini, Madame OPJ. Na bila mashini nitakuonyesha nini?"

Pélagie alitoa ufunguo wa pikipiki ya kazi akamwamuru akanyonye lita mbili kutoka kwenye tangi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Alhamisi iliyopita boti ilitoka Baraka kuja Kalundu, bandari ya Uvira, ikiwa na watu ishirini na watatu, wagonjwa wakiwemo. Kwenye ncha ya rasi ya Ubwari watu wenye bunduki walikuwa wameshafika na kuzima injini zao, wanaisubiri. Watu wanne walikufa. Saa ya kuondoka kwa boti hiyo ilitajwa mahali pamoja tu, ndani ya chumba cha mazungumzo cha kompyuta. Chama cha wenye boti kilihamia humo tangu Januari, baada ya kuchoka na phonie, zile redio zao za zamani ambazo kila mwenye kisanduku alizisikiliza. Ndani ya chumba hicho kila kituo kilikuwa na jina lake: Baraka, Kigoma, Kalundu. Alhamisi saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Baraka aliandika kwamba boti ingetoka saa kumi na moja. Kalundu peke yake akajibu kuwa amepata. Opereta wa Kalundu alikuwa Gédéon, na kwa Major hesabu ilikuwa imekwisha hapo.

Gédéon alikuwa na neno moja la kujitetea, na alikuwa amelirudia siku nne. Saa ile hakuwepo. Courant, yaani umeme, ilikatika, mto Mulongwe ulikuwa umefurika, naye akakimbia nyumbani kuokoa magodoro. Majirani walisema hivyohivyo. Major alijibu kwamba majirani hawakuandika kitu, jina la Kalundu ndilo lililoandika.

Groupe ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Damien alirudi akifuta mikono kwenye suruali, akakaa mbele ya kompyuta.

"Haya, nieleze tena ile kitu yako," Pélagie alisema. "Polepole, kama vile unaeleza bibi yako."

"Bibi yangu angekuwa amesikia kitambo, Madame."

Damien akaendelea haraka.

"Courant ya hapa inakatikaka, si unajua? Ikikatika, jina Kalundu linaanguka mu chumba. Kigoma akiandika ile wakati, maneno yanapotea. Sasa minye niliweka programu moja ku mashini ya rafiki yangu, kule Bujumbura, kwenye courant inakaa. Ile programu njo inabaki mu chumba na jina Kalundu, usiku na mchana. Gédéon akiwasha mashini yake ya Kalundu, haingii mu chumba yeye mwenyewe. Anapiga hodi kwa ile programu, anatoa mot de passe, neno yake ya siri, inamufungulia, inamupa maneno yote yenye yaliandikwa wakati hayuko. Ku madancing ya Bujumbura kuko bantu ya kusimama ku mulango. Banabaita baunsa. Na hii njo jina yake, baunsa."

"Kwa hiyo jina Kalundu linaonekana liko mule ndani hata kama hakuna muntu ku mashini."

"Njo vile."

"Na Major haukumwambia?"

"Major aliniuliza kama jina lilikuwa mu chumba Alhamisi. Nikasema ndiyo. Lilikuwa."

Pélagie alifumba macho kidogo. Mwanamume mmoja alikuwa amelala siku nne kwenye saruji kwa sababu mwingine alijibu alichoulizwa na kukomea hapo.

"Tengeneza mwingine," alisema. "Baunsa mupya, toka mwanzo, hapa mbele yangu. Minye nitaenda kumueleza Major, na sitaki kuonekana mujinga."

Kazi hiyo ingemaliza subira ya padri. Kwanza Damien alilazimika kuifikia mashine ya Bujumbura kupitia sahani ya setilaiti iliyokuwa juu ya paa lake, na kila herufi aliyoandika ilichukua muda wake kuvuka ziwa na kurudi. Kisha akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaanza kuandika mstari baada ya mstari, akitaja kila kimoja kwa sauti: jina litakaloonekana chumbani, anwani ya chumba chenyewe, mistari ya maneno ambayo baunsa ataikumbuka, namba ya mlango ambao watu watapigia hodi, na neno la siri. Akaamuru programu ianze. Ikakataa. Alikuwa amesahau kufunga mabano. Akayafunga, akaamuru tena, ikakataa tena, kwa sababu mabano aliyafunga mahali pasipostahili. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo. Huko nje Jolie, dada yake Damien, alikaa kwenye meza ya kupokelea wateja akisuka nywele zake mwenyewe kwa msaada wa kioo kidogo.

Mara ya tatu programu ilikubali mabano, ikatoa ujumbe mwingine.

"Sasa inasema nini?"

"Inasema mulango umeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

Damien alikuna kichwa. "Na baunsa ya zamani."

"Ile uliniapia minye kama umeizima Ijumaa."

"Niliizima, Madame. Nilifunga dirisha."

"Kufunga dirisha na kuzima, ni kitu moja?"

"Hapana," Damien alikiri.

Pélagie alitamani kumpiga na kibodi. Alikuwa ameshafungua mdomo amtukane, ndipo jambo likamjia, akaufunga. Kama baunsa wa zamani hakuzimwa, basi vitu vyake vyote bado vilikuwa palepale alipoviacha.

"Huyu mulinzi wako, anaandikaka wenye kuingia? Sawa vile planto wa ku mulango na kitabu yake?"

"Anaandika. Saa, na anwani kwenye muntu anatokea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na weye haukusoma."

"Hakuna muntu aliniomba."

Damien alikifungua kitabu hicho cha baunsa. Mistari ilishuka kwa mamia, na Pélagie akaweka kidole kwenye kioo mpaka akaifikia Alhamisi. Saa nane na dakika tano, mashine ya chumba cha Kalundu ilikatika. Kwa hiyo Gédéon alisema kweli kuhusu courant. Lakini mstari wa juu yake ulimfanya avute kiti. Saa nane kasoro dakika kumi, wakati mashine ya Kalundu ingali inawaka, mtu wa pili alipiga hodi kwa baunsa, akatoa neno la siri lilelile, akafunguliwa. Alikaa ndani mpaka saa nane na nusu. Jibu la saa nane na dakika kumi na mbili liliandikwa na huyo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

"Anwani hii ni ya wapi?"

Damien alisoma, akasoma tena.

"Damien."

"Ni ya hapa, Madame."

"Hapa Kilibula?"

"Hapa. Hii nyumba."

Alijitetea kabla hajaulizwa. Kila Alhamisi yeye huwa Bujumbura kutafuta vipuri, muhuri wa mpaka ulikuwa kwenye karatasi yake ya kusafiria. Mashine tano za mbele zote zinatoka kwa anwani moja. Wateja hawaandikwi. Pélagie aliukagua muhuri. Ulikuwa wa Alhamisi kweli.

"Mot de passe iko na nani?"

"Minye. Gédéon. Na..." Damien aliinamisha kichwa. "Iko ku ukuta."

"Ku ukuta gani?"

"Kule Kalundu, mu chumba ya kazi. Bale ni bantu ya phonie, Madame. Kwao jina ni ya kituo, haiko ya muntu. Mwenye kuingia ku zamu anakuta kila kitu ku karte moja: masaa, fréquence, na mot de passe. Nilibakataza. Wakasema, na Gédéon akifa na siri yake, kituo kife naye?"

Lilikuwa jibu la watu walioona vita viwili, na Pélagie hakuweza kulicheka. Aliuliza nani mwingine hufanya kazi chumbani humo. Wawili tu: Félicité, anayemsaidia Gédéon zamu, na Papa Eugène Itangishaka, mkubwa wa kituo.

"Lakini Papa Eugène haijui kompyuta," Damien aliongeza. "Yeye ni wa phonie."

"Ukiweka funguo mbili tofauti kwa baunsa mumoja, ataandika ni ufunguo gani umefungua?"

"Anaweza."

"Zima ya zamani. Kuzima, Damien, haiko kufunga dirisha. Weka huyu mupya, funguo mbili, kila moja ku karatasi yake. Ya kwanza ni ya Félicité. Ya pili ni ya Papa Eugène."

"Ya kufanya nini, kama hajui?"

"Ni mukubwa wa kituo. Utampa mudogo wake ufunguo, yeye umunyime?"

Kisha akamwelekeza aingie chumbani kwa jina lake mwenyewe, amnong'oneze opereta wa Baraka pembeni: saa tano kamili aite Kalundu na kutaja boti ya uongo. Damien aliandika. Baraka akakubali.

*

Chumba cha chama kilikuwa karibu kabisa na maji, nyuma ya mahali wanapopakua ndagala, dagaa wa ziwa, na harufu yake ilikuwa hiyohiyo. Kwenye meza moja ilikaa phonie ya kijani, kwenye nyingine kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate. Karte, kadi ya zamu, ilikuwa ukutani, neno la siri limeandikwa kwa wino mwekundu ili lisomeke vizuri.

Félicité alikuwa kwenye phonie, ambayo bado waliitumia kwa habari zisizo za siri, akiongea na Kigoma. Alipomaliza akakiweka chini kipaza sauti, na Papa Eugène, mzee mfupi mwenye koti la miaka mingi, akakiinua tena.

"Kigoma, Kalundu. Bien reçu, à l'écoute." Ndiyo maneno ya phonie: nimepata, nasikiliza. Akamgeukia msichana. "Muntu akikuita, mujibu. Usipojibu, ataita mpaka betri yake ife. Nimekuambia mara ngapi?"

"Nimesahau, Papa."

"Utasahau siku yenye anakufa."

Kisha akamwona Pélagie, uso wake ukafunguka, akaanza kutafuta thermos. Walikuwa wanajuana. Mwaka wa kwanza wa vita, mama yake Pélagie alipopotea katika msafara wa wakimbizi, mzee huyu aliita vituo vya ziwa zima siku tatu mfululizo, bila kulala na bila kudai kitu, mpaka Kigoma ikajibu kwamba mama yuko kambini, hai. Tangu siku hiyo Pélagie alimwita Papa, na chai yake hakuikataa. Hata sasa hakuikataa, ingawa saa ilikuwa tatu na nusu.

"Alhamisi, saa nane," alimwambia Félicité. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

Pélagie alikunywa chai, akasubiri.

"Nilitoka kidogo," Félicité alisema.

"Kwenda wapi?"

"Ku cyber. Kwa Damien."

"Kufanya nini?"

"Kuandikia yaya, dada yangu mukubwa wa Kigoma. Courant ilikatika, Gédéon alikimbia, nikasema na minye niende, kwa mguu, nikafika saa tisa kasoro." Machozi yalianza kumlengalenga. "Madame, sikutaka kusema, juu ya kazi. Hapana kingine."

"Uliandika nini mu chumba ya boti?"

"Hakuna kitu. Sikuingia. Naapa kwa Mungu."

"Usimukaze sana," Papa Eugène alisema kwa upole. "Ni mutoto wa bantu. Na Gédéon pia ni mutoto wa bantu. Ile mashini njo imetuletea haya."

"Na Papa weye, Alhamisi?"

"Nilienda kulala. Ile mashini minye siijui. Nikitaka kuandika neno, Félicité njo ananiandikia. Minye ni muntu ya masikio."

Pélagie aliona jambo la Félicité limekaa vizuri kupita kiasi. Alikuwa mahali penyewe, karibu saa yenyewe, na neno la siri alikuwa nalo. Major angelipenda. Lakini kitu kilimkera, naye alikuwa mtu asiyependa kukerwa bila kujua na nini. Alitoa karatasi zake mbili akawaambia wote wawili kwa pamoja: baunsa wa zamani amezimwa, huu ndio ufunguo mpya, kila mmoja na wake, na saa tano Baraka atataja saa ya boti ya dawa. Mpaka Gédéon atakapopatiwa mbadala, chumba hiki cha kazi kinafungwa, waende nyumbani wapumzike.

Félicité aliishika karatasi yake kana kwamba inaunguza. Papa Eugène alicheka.

"Hii nitaifanyia nini? Hata herufi zake sizioni."

"Ni heshima tu, Papa."

"Haya, heshima."

Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, na kuufunga kifungo.

Pélagie alikuwa juu ya pikipiki, nusu ya njia, alipotambua kilichokuwa kikimkera. Alisimama kando ya barabara, akatoa kwenye mkoba nakala za mazungumzo ambazo Major alizitumia kumfunga Gédéon, akazisoma akiwa amekaa palepale. Miezi mitatu Gédéon alijibu neno moja: *ok*. Ok Baraka, ok Kigoma. Félicité hakuwa akijibu kabisa. Alhamisi saa nane na dakika kumi na mbili, Kalundu alikuwa ameandika: *bien reçu, à l'écoute*.

Wote wa phonie husema hivyo, alijiambia. Hata Félicité akikumbushwa husema hivyo. Aliwasha pikipiki, ikakataa mara mbili, maana Damien alikuwa amenyonya zaidi ya lita mbili.

*

Saa tano kasoro dakika kumi alikuwa tena kwenye chumba cha nyuma cha cyber, pazia limeshushwa. Upande wa mbele alisikia sauti ya Jolie ikimkaribisha mtu, kiti kikivutwa, halafu kimya. Damien alikuwa amefungua madirisha mawili kwenye kioo, upande mmoja chumba cha mazungumzo, upande mwingine kitabu cha baunsa.

Mstari mpya ulitokea kwenye kitabu.

"Ameingia," Damien alinong'ona. "Anatokea hapa, hii nyumba."

"Ufunguo gani?"

"Ya pili."

"Soma tena."

"Ni ya pili, Madame."

"Umechanganya karatasi. Ulichanganya mabano, na karatasi umechanganya."

"Sikuchanganya. Na baunsa anaandika tu yenye ameona."

Pélagie alijua kwamba kuingia tu si kosa. Mkubwa wa kituo aliyepewa ufunguo akautumia ana haki yake, na mzee angeweza kusema alikuja kujifunza, na Major angecheka, na lori lingeondoka na Gédéon. Mpaka hapo alikuwa ameshika uongo mmoja tu, wa mtu aliyesema hajui mashine.

Saa tano kamili, Baraka aliandika.

*Kalundu, Kalundu, Baraka anaita. Boti ya dawa inatoka saa kumi na mbili. Unanipata?*

Hakuna jibu. Mwizi wa maneno huchukua alichokuja kuchukua na kwenda zake.

*Kalundu, Kalundu, unanipata?*

Nyamaza, Pélagie alisema moyoni, na alishangaa kuona kwamba anamwombea. Nyamaza tu, Papa, simama uende nyumbani, nitatafuta njia nyingine ya kumtoa Gédéon. Dakika ilipita.

*Kalundu, Kalundu, Baraka anaita. Kalundu, jibu.*

Upande wa pili wa pazia kibodi ilianza kulia. Kidole kimoja, herufi moja, kisha kutafuta, kisha nyingine. Pélagie hakutazama kioo. Alihesabu milio mpaka ikaisha, ndipo akatazama.

*Kalundu: bien reçu, à l'écoute.*

Alifungua pazia. Papa Eugène alikuwa kwenye mashine ya mwisho, miwani puani, karatasi iliyokunjwa mara nne imekunjuliwa kando ya mkono wake. Hakuruka wala hakufunika kitu. Alivua miwani akaiweka juu ya kibodi.

"Anakuyaka hapa?" Pélagie alimuuliza Jolie, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Papa Eugène? Kila siku ya boti. Njo minye nilimufundisha kuandika, tangu mwezi wa pili."

"Na tangu Ijumaa niko naingia na kutoka hapa mbele yako, haukusema?"

"Mulikuwa munauliza mashini, Madame," Jolie alisema, kisuko kimoja bado mkononi. "Minye hakuna muntu aliniuliza."

Pélagie alivuta kiti akakaa karibu na mzee. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi, na Pélagie mwenyewe ndiye aliyeichonga.

"Watu wane, Papa. Mumoja alikuwa mama na mutoto mugongoni."

"Najua."

"Kwa nini?"

"Frédéric wangu. Mutoto wa mwisho." Alisema bila kuinua sauti, kama anayesoma ujumbe wa mtu mwingine. "Walimutoa ku boti mwezi wa pili. Wanamushika Ubwari. Kila siku saa kumi, ku zamu yangu, wananiita ku phonie kuuliza kama kuko boti. Kwanza wanamupa yeye micro, dakika moja. Nikisikia sauti yake, njo ninawapa saa. Saa za boti nilizisoma hapa, ili Gédéon asijue. Niliwaambia, bila sauti sitoi."

"Ungekuja kwangu."

"Ungefanya nini, mwanangu? Ungeandika karatasi."

Hilo lilimchoma. Aliuliza lile jingine, lililokuwa likimsumbua zaidi.

"Na kwa nini ulijibu Baraka? Ulikuwa umesikia saa. Ungenyamaza, singekuwa na kitu mukononi. Hata Alhamisi. Ungenyamaza."

Papa Eugène alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ni yeye aliyesema jambo la ajabu.

"Alikuwa anaita," alisema. "Miaka makumi tatu na moja ku phonie. Muntu anaita, nimuache anaita?"

*

Major alisoma nakala zote akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya ngazi ya lori. Pélagie alimweleza baunsa mara moja, vizuri, bila kukosea, na Major hakusikiliza hata nusu. Alichotaka ni mtu. Karatasi ilikuwa na nafasi ya jina moja. Alilikata la Gédéon na kuandika la Eugène juu yake kwa kalamu ileile. Pélagie aliomba mzee abaki Uvira, ahukumiwe hapa, akaongeza kwamba kuna kijana ameshikwa Ubwari. Major alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na dakika tatu, na kuchelewa huko kulimuudhi.

Gédéon alitoka cachot akipepesa macho. Geneviève alimkalisha chini palepale ukutani, akafunua sufuria, na mwanamume akaanza kula bugali baridi bila kunawa. Alipomwona mzee akipandishwa, tonge likabaki mkononi.

Papa Eugène hakusema kwaheri. Aliinama tu kutoka juu ya lori akampa Pélagie ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Nyuma ya ufunguo wa baunsa alikuwa ameandika tarakimu tano kwa penseli, fréquence ya phonie, na chini yake: *saa kumi. Kwanza yeye.*

Saa kumi kasoro robo Pélagie alikuwa Kalundu, peke yake kwenye kile chumba kinachonuka ndagala. Félicité alikuwa amekataa kuja. Gédéon alikuwa amesema hataki kuiona mashine wala phonie mwaka huu. Kompyuta ilikuwa inawaka kwenye meza yake, na jina Kalundu lilikuwa mahali pake chumbani, kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliigeuzia mgongo. Alizungusha kitufe cha phonie mpaka zile tarakimu tano zikakaa sawa, akakaa kusikiliza mvumo. Hakuwa na saa ya boti ya kuwapa watu wa Ubwari. Hakuwa na kitu cha kuwapa kabisa, na wangelijua hilo baada ya dakika moja.

Mvumo ulipasuka.

"Kalundu, Kalundu." Sauti ilikuwa ya kijana, kavu, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa maji. "Papa, ni minye. Unanipata?"

Pélagie alishika kipaza sauti. Kijana aliita tena. Mara ya tatu Pélagie akaminya kitufe.

"Bien reçu," alisema. "À l'écoute."